Dumu moja la maji, hesabu nyingi: namna ushiriki wa watoto nje ya shule unavyopimwa

Juma lina saa 168. Mtoto wa shule ya kutwa, hata akikaa darasani saa nane kwa siku na kwa siku tano, hutumia humo saa 40 tu. Zilizobaki, ukiondoa za usingizi, huzimaliza nyumbani, kisimani, sokoni, machungani, madrasani au kanisani, na uwanjani pamoja na wenzake. Hata hivyo, takwimu tunazozisikia kila mwaka kuhusu watoto wa Afrika Mashariki nyingi huanzia shuleni na kukomea shuleni: wangapi wameandikishwa, wangapi wamefaulu, wangapi wameacha masomo.

Wako wataalamu ambao kwa miongo kadhaa wamejaribu kuyahesabu maisha hayo ya nje ya darasa. Kenya ilichunguzwa mapema kuliko nchi nyingi; Tanzania iliwaingiza watoto wa miaka 5 katika utafiti wake wa matumizi ya muda; na nchini Kongo hojaji za Shirika la Umoja wa Mataifa la Watoto, UNICEF, zimeingia majumbani kuuliza mtoto alifanya nini juma lililopita. Makala hii inaeleza jinsi vipimo hivyo vinavyofanya kazi. Inaeleza pia kwa nini mtoto yule yule, mwenye dumu la maji kichwani (mtungi, kama Wakenya waliozoea kuliita), aweza kuandikwa katika kipimo kimoja kuwa anashirikishwa vyema katika maisha ya familia, na katika kingine kuwa anatumikishwa. Tofauti hiyo haiishii vitabuni. Serikali na wafadhili hupanga fedha kwa kutazama takwimu, na mtoto asiyeonekana katika takwimu si rahisi akumbukwe katika bajeti.

Neno lenyewe

Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipitisha uainishaji mpya wa utendaji wa binadamu, ulemavu na afya, na mwaka 2007 likatoa toleo lake la watoto na vijana. Humo ushiriki ulielezwa kwa maneno machache: ni mtu kuhusika katika hali ya maisha. Ufafanuzi huo ulibadilisha swali. Awali mtoto aliyepooza miguu alipimwa miguu: anainuka au hainuki, anatembea hatua ngapi. Sasa ikabidi kuulizwa pia kama anatumwa dukani, kama wenzake humwita wanapocheza, kama siku ya Idi au ya Krismasi huwa pamoja na wengine au huachwa ndani na mtu wa kumwangalia.

Kwa mtafsiri wa habari, neno hili lina mtego. Kiswahili kinapotumia neno ushiriki, mara nyingi maana yake ni kuwapo tu: wananchi walishiriki mkutano, yaani walikuwapo. Lakini mtoto aliyepelekwa arusini akaketishwa pembeni hadi ngoma ikaisha, je, ameshiriki? Watafiti nao walikwama hapo hapo. Christine Imms wa Australia, Mats Granlund wa Sweden na wenzao, katika makala zilizochapishwa 2016 na 2017, waliugawa ushiriki mafungu mawili: kuhudhuria, na kuhusika kwa nafsi wakati shughuli inaendelea. Fungu la kwanza huhesabika kwa vidole. La pili limo ndani ya mtoto, na vipimo vingi huliacha kwa sababu ni gumu kulifikia.

Shughuli 55 kutoka Kanada

Kipimo kilichotajwa mno katika fani hii kilitoka mwaka 2004 katika kituo cha CanChild cha Chuo Kikuu cha McMaster, mjini Hamilton, Kanada. Waliokiandaa, wakiwamo Gillian King na Mary Law, walitaka kujua watoto na vijana wenye umri wa miaka 6 hadi 21, wenye ulemavu na wasio nao, hufanya nini nje ya masomo ya lazima ya shule. Kinafahamika kwa kifupi chake, CAPE. Mtoto huulizwa kuhusu shughuli 55. Kwa kila moja husema kama ameifanya katika miezi minne iliyopita, ni mara ngapi, pamoja na nani, wapi, na aliifurahia kiasi gani. Ili hata mtoto mdogo aweze kujibu, shughuli huonyeshwa kwa michoro.

Uzuri wake ni kwamba anayejibu ni mtoto, na kwamba furaha ni sehemu ya hesabu. Udhaifu wake, kwa msomaji wa huku, huonekana mtu akiipitia orodha. Imo michezo ya theluji na kupanda farasi. Imo kwenda maktaba ya umma. Kipimo kinapojumlisha idadi ya shughuli tofauti alizofanya mtoto, yule wa Hamilton ana nafasi nyingi za kutia alama kuliko wa Kasese au Kigoma. Mtafiti asiye mwangalifu anaweza kuhitimisha kuwa mtoto wa kwetu ana maisha finyu, ilhali orodha ndiyo iliyo finyu.

Kipimo cha pili, PEM-CY, kilitolewa na Wendy Coster, Mary Law, Gary Bedell na wenzao katika miaka ya 2011 na 2012. Hiki huwauliza wazazi wa watoto wa miaka 5 hadi 17 kuhusu mambo 25: kumi ya nyumbani, matano ya shuleni, na kumi ya mtaani na katika jamii. Kuna maswali mawili humo yanayofaa kuigwa. La kwanza humuuliza mzazi kama angependa hali ibadilike, na ibadilike vipi: mtoto afanye mara nyingi zaidi, ahusike zaidi, au afanye mambo ya aina nyingi zaidi. La pili huuliza kama mazingira yenyewe yanasaidia au yanazuia: usafiri, sauti na msongamano, mienendo ya watu, fedha. Kwa njia hiyo lawama huondoka mgongoni mwa mtoto.

Lakini kazi za nyumbani zote zimewekwa katika jambo moja kati ya yale kumi. Kuteka maji, kuosha vyombo, kufua, kuokota kuni, kumbeba mdogo mgongoni: alama moja. Kwa familia ya Boston huenda hilo latosha. Kwa nyumba nyingi za ukanda wetu, sehemu kubwa ya siku ya mtoto imefungwa katika mstari mmoja wa fomu.

Waliotazama kabla ya kuuliza

Hojaji hizo zilitanguliwa na watu waliokaa kitako wakatazama. Katika miaka ya 1950 wanataaluma wa Marekani, John Whiting na mkewe Beatrice, pamoja na wenzao, walianzisha uchunguzi wa malezi katika jamii sita: Mexico, Ufilipino, kisiwa cha Okinawa cha Japani, India, Marekani yenyewe, na Nyansongo, katika nchi ya Wagusii magharibi mwa Kenya. Nyansongo walikaa Robert na Barbara LeVine kuanzia 1955 hadi 1957. Watoto wa miaka 3 hadi 11 walitazamwa kwa vipindi vya dakika tano, na matendo yao yakaandikwa moja baada ya jingine: nani alimsemesha nani, nani alimsaidia nani, nani aligombana na nani.

Matokeo, yaliyotoka kitabuni mwaka 1975, yaliwashangaza wengi. Watoto wa Nyansongo, wenye kulea wadogo zao, kuchunga, kuteka maji na kuokota kuni, walionekana zaidi wakitoa msaada na wakiwaelekeza wenzao kwa wajibu. Wale wa mji mdogo wa Marekani, waliopewa kazi chache, walionekana zaidi wakiomba msaada na kutaka kutazamwa. Kazi ilikuwa ndiyo njia ya mtoto kuingia katika jamii yake, wala si kitu kilichompunguzia utoto. Wazee wetu hawakuhitaji kitabu kuambiwa hivyo, ingawa si neno baya kwamba kiliandikwa.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960 Carol Ember aliwachunguza wavulana wa Kiluo huko Oyugis. Baadhi yao hawakuwa na dada mkubwa nyumbani, hivyo walipewa kazi ambazo kwa desturi ni za wasichana. Katika utafiti aliouchapisha 1973, alionyesha kwamba wavulana hao walikuwa na ugomvi mdogo kuliko wenzao. Aina ya kazi, kwa hiyo, ilikuwa na maana sawa na wingi wake.

Mbinu iliyo rahisi kuieleza kuliko zote ni ile ya Ruth na Robert Munroe, waliofanya kazi miongoni mwa Walogoli, pia magharibi mwa Kenya. Mtafiti hufika nyumbani kwa wakati usiotarajiwa, hutupa jicho mara moja, huandika mtoto yuko wapi, na nani, anafanya nini, kisha huondoka. Tazamo moja halisemi kitu. Lakini likirudiwa kwa siku na nyakati mbalimbali, picha ya maisha hujitokeza yenyewe, na haitegemei mtu kukumbuka wala kupamba majibu. Walipolinganisha watoto wa Kilogoli na wa Nepal, Belize na Samoa, waliona kwamba wasichana walifanya kazi zaidi ya wavulana. Mbinu hii ni ghali kwa nyayo za mtafiti, na haifai kwa nchi nzima. Tena haijui kama mtoto aliyekutwa chini ya mwembe anapumzika kwa raha au amefukuzwa mchezoni.

Shajara ya saa

Serikali inapotaka takwimu za nchi nzima, hutumia shajara ya muda: mtu huulizwa alifanya nini saa baada ya saa. Tanzania Bara iliingiza sehemu hiyo katika utafiti wa nguvukazi wa 2006 na tena katika ule wa 2014, ikianzia na watu wa umri wa miaka 5. Huo ni uamuzi wa kusifiwa. Kenya ilipofanya utafiti wake wa kitaifa wa matumizi ya muda mwaka 2021, wahojiwa walikuwa wa umri wa miaka 15 na zaidi. Mtoto wa miaka 9 hayumo, isipokuwa kama mzigo katika saa za mama yake.

Shajara nayo ina mitego. Fomu za kimataifa huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Mama akijibu kwamba binti aliamka saa kumi na moja, mdadisi lazima ajue kuwa kwenye fomu hiyo ni saa tano. Kosa la hesabu hapo huisogeza siku nzima. Mtego mkubwa zaidi ni wa mambo mawili kwa wakati mmoja. Msichana anacheza rede, mdogo wake yuko mgongoni, na maharage yako jikoni yakimngoja. Yuko mchezoni, malezini au jikoni? Akiandikiwa mchezo, kazi yake imefutika. Akiandikiwa kazi, mchezo wake umefutika. Fomu zinazoruhusu shughuli ya pili kuandikwa kando ya ile ya kwanza hupunguza tatizo hili, lakini watu wengi hawaitaji kabisa shughuli ya pili mpaka waulizwe. Kumbeba mdogo hakuonwi kuwa ni kitu cha kutajwa.

Saa 21 au saa moja?

Hapa ndipo dumu letu linapokuwa zito. UNICEF huendesha katika nchi nyingi utafiti wa kaya unaoitwa MICS. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliufanya mwaka 2017 na 2018. Humo mama au mlezi huulizwa mtoto wa miaka 5 hadi 17 alifanya kazi gani katika juma lililopita na kwa saa ngapi: shambani, katika biashara ya nyumbani, na pia kuteka maji, kuokota kuni, kupika, kufua, kulea wadogo, kumwangalia mzee au mgonjwa.

Saa hizo hulinganishwa na mipaka ya umri. Kwa kazi za kiuchumi, mtoto wa miaka 5 hadi 11 akifikisha saa moja tu kwa juma anahesabiwa kuwa katika utumikishwaji. Kwa wa miaka 12 hadi 14 mpaka ni saa 14, na kwa wa 15 hadi 17 ni saa 43. Kwa kazi za nyumbani mpaka ni saa 21 kwa juma kwa walio chini ya miaka 15. Zamani ulikuwa saa 28. Uliposhushwa, watoto waliokuwa upande mmoja wa mstari wakajikuta upande wa pili pasipo maisha yao kubadilika.

Sasa, kuteka maji kumo katika kundi gani? Kwa kanuni za hesabu za taifa zinazotumika duniani, kuleta maji nyumbani ni kuzalisha bidhaa, sawa na kulima mahindi ya kula. Kupika kwa maji hayo hayo ni huduma ya nyumbani. Mtoto wa miaka 8 anayekwenda kisimani nusu saa kila siku hupata saa tatu na nusu kwa juma. Kisima kikiwekwa katika kundi la kiuchumi, amevuka mpaka mara tatu na zaidi. Kikiwekwa katika kazi za nyumbani, yuko mbali nao kabisa. Kiashiria cha Malengo ya Maendeleo Endelevu kuhusu utumikishwaji wa watoto, nambari 8.7.1, chenyewe hutolewa kwa njia mbili: moja inajumlisha kazi za nyumbani na nyingine haizijumlishi. Kwa hiyo msomaji anapokutana na kichwa cha habari kwamba asilimia kadhaa ya watoto wa nchi fulani wanatumikishwa, swali la kwanza liwe: ni kwa hesabu ipi?

Sheria nazo zimegawanyika kwa namna ya kushangaza. Ibara ya 31 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, wa mwaka 1989, inampa mtoto haki ya kupumzika, kucheza na kushiriki katika utamaduni. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, uliopitishwa 1990 na kuanza kutumika 1999, una haki kama hiyo katika ibara ya 12. Ibara yake ya 31 ni ya wajibu: mtoto, kwa kadiri ya umri na uwezo wake, ana jukumu kwa familia na jamii, kuwaheshimu wazazi na wazee na kuwasaidia wanapohitaji. Nambari ni moja, lakini upande mmoja umeandikwa mchezo na upande wa pili umeandikwa wajibu. Kipimo kinachosoma ukurasa mmoja tu kitamwona nusu mtoto.

Si haki kumaliza na UNICEF bila kutaja sehemu nyingine ya hojaji hiyo hiyo. Kwa watoto wa miaka 2 hadi 4, huulizwa kama katika siku tatu zilizopita mtu mzima alimsimulia mtoto hadithi, alimwimbia, alimtoa nje, alicheza naye, alimsomea kitabu, au alihesabu na kuchora pamoja naye. Katika vitu vya kuchezea, vijiti, mawe na majani vinahesabiwa, na vile vilivyotengenezwa nyumbani pia. Bibi asiyejua kusoma, mwenye hadithi za Sungura na Fisi, anapata alama yake. Hapo aliyeandika maswali aliwahi kuketi uani.

Kipimo kiunoni

Njia ya kutomwuliza mtu yeyote ni kumvisha mtoto kifaa. Kati ya 2011 na 2013, watoto wa miaka 9 hadi 11 wa Nairobi walikuwamo katika utafiti wa nchi 12, ISCOLE, ambamo kila mmoja alivaa kiunoni kifaa kidogo cha kupima mwendo kwa siku saba, usiku na mchana. WHO hupendekeza kwamba watoto wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli zinazoharakisha pumzi, na kifaa huonyesha nani amezipata. Hakidanganyi wala hakisahau. Lakini hakijui kama mtoto anakimbia kwa sababu anacheza kombolela au kwa sababu amechelewa kutoka dukani, na dumu la lita 20 kichwani mwake hakilihisi. Uzito hauonekani, hatua tu.

Nani anaulizwa?

Ripoti ya UNICEF ya Novemba 2021 ilikadiria kwamba duniani kuna watoto karibu milioni 240 wenye ulemavu. Makadirio hayo yalitegemea kwa sehemu kubwa maswali yaliyotolewa mwaka 2016 pamoja na Kundi la Washington la takwimu za ulemavu: kuona, kusikia, kutembea, kujihudumia, kujifunza, kupata marafiki na mengineyo. Anayejibu ni mama au mlezi. Kwa mambo mengi mama anajua. Lakini kama wenzake humcheka njiani, kama angependa kutumwa sokoni kama kaka zake nao wanamzuia kwa kumwonea huruma, huenda mtoto hajawahi kumwambia mama.

Huruma hiyo ndiyo huleta picha potofu. Katika nyumba nyingi mtoto mwenye ulemavu huondolewa kazi zote. Kwa hesabu ya utumikishwaji, hali yake ni njema: saa sifuri. Kwa hesabu ya ushiriki, amefungiwa nje ya jambo ambalo wenzake wa rika lake hulitumia kujulikana mtaani na kuaminiwa.

Kwa ajili ya watoto wa namna hiyo, timu ya watafiti wa Afrika Kusini, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Pretoria, pamoja na wa Sweden, Australia na China, waliandaa kipimo cha picha kwa nchi za kipato cha chini na cha kati. Kina shughuli 20, na miongoni mwake zimo kukusanya mahitaji ya nyumba, kutayarisha chakula, kutunza wanyama na kuwaangalia watu wa familia, sambamba na kucheza, ibada na sherehe. Mtoto asiyesema vizuri anaweza kuisogeza picha mahali inapostahili: naifanya daima, mara chache, kamwe. Mdadisi haharakishi.

Mwishoni mtoto huchagua picha tatu zenye maana kubwa kuliko zote kwake. Kwa hizo tatu huulizwa anahusika kiasi gani, nini humsaidia na nini humzuia. Jibu laweza kuwa kiti cha magurudumu kisichopita mchangani. Laweza pia kuwa mbwa wa jirani aliye njiani kuelekea kisimani, na hilo hakuna fomu nyingine iliyokuwa na mstari wa kuliandika.